Lazima usome Dickens kwanza?
Kwa uliyeuliza kama ni lazima uanze na David Copperfield, riwaya ya Charles Dickens, ndo uielewe Demon Copperhead ya Barbara Kingsolver, ambayo ni hadithi hiyohiyo kaihamishia Marekani ya leo, wala, ingia tu. Ukiijua ile ya zamani unapata utamu wa ziada, mfano wahusika wa Dickens wamebadilishwa majina, Steerforth kawa Fast Forward, staa wa futiboli ya Kimarekani, na Uriah Heep kaitwa U-Haul, jina la kampuni ya kukodisha malori ya kuhamia ambayo kule kila mtu anaijua. Ila usipoielewa Lee County yenyewe, hadithi inakotokea, ndo utapotea, huko Virginia milimani, Marekani, ajira za makaa ya mawe zimekauka, yatima wanachukuliwa na mkulima ili wamfanyie kazi kwenye tumbaku, halafu vinaingia vidonge vya OxyContin, dawa kali ya maumivu inayoleta uraibu, vilivyoanza kuuzwa 1996, Demon, dogo mwenye hadithi, anaumia goti uwanjani, anaandikiwa dawa za maumivu, anakuwa mraibu, basi kwisha habari yake. Dickens alikuwa na jela ya wadeni, huyu mama Kingsolver ana famasi. Katikati inavuta kidogo, ila tuzo ya Pulitzer ya 2023 aliyogawana na mwandishi mwenzake Hernan Diaz hawakumpa bure. Gugo habari za OxyContin dakika kumi kisha anza kusoma.