Jibu: Mota haifuati PWM ya Basys 3

Ndugu, umeuliza kwa nini kasi ya mota haibadiliki unapogeuza swichi za Basys 3 (bodi ya FPGA, yaani chipu unayojipangia saketi ndani yake), ingawa umeweka PWM, yaani kuwasha na kuzima umeme haraka haraka ili kupunguza nguvu. Mota yako haina ubaya. Umesema kaunta (kihesabu cha mipigo ya saa) ni ya biti 8 na inahesabu moja kwa moja kwa saa ya bodi, kisha pini inakwenda ENA (pini ya kuwasha na kuzima) ya L298N, ile draiva inayopeleka umeme kwenye mota. Sasa piga hesabu: saa ya bodi ni MHz 100, gawanya kwa 256, unapata karibu kHz 390. Mzunguko mmoja wa PWM ni mikrosekunde 2.56 tu, na L298N yenyewe inaweza kuchukua muda kama huo kuzima tu. Haiwezi kufuata kasi hiyo, ndiyo maana ukigeuza swichi huoni tofauti ya maana.

Tumia kaunta ya biti 13, ihesabu 0 hadi 4999 halafu irudi sifuri. Hapo unapata kHz 20, na ule mlio wa mota hutausikia. Ukitaka nusu ya nguvu, pini iwake hadi kaunta ifike 2500. Thamani mpya ya swichi ipokee kaunta inaporudi sifuri tu, la sivyo mpigo utakatika katikati.

Na tafadhali, kile kijampa (kiunganishi kidogo cha plastiki) cha ENA kitoe kabla ya kuunganisha waya: kinaleta volti 5, na pini za Basys 3 ni za 3.3. Hasi za bodi na draiva ziunganishe pamoja.