Usikimwage kifusi kwenye mikoko

Mkuu, umeuliza kama kuna ubaya kumwaga kifusi cha nyumba uliyobomoa kwenye bonde la mikoko, maana dereva wa tipa kakupunguzia bei, na mchangiaji mmoja hapa kakuambia "ni mawe na udongo tu, hakina sumu". Nimesimamia saiti Dar miaka mingi, na naishi Kunduchi jirani na mikoko. Nakuomba sana usifanye hivyo.

Anayeanza kufa ni mchu, aina mojawapo ya mikoko. Shuka pale maji yakiwa yametoka, utaona vijiti tele vimechomoza topeni kama penseli. Ndiyo mizizi ya kupumulia, kwa kuwa tope lile halina hewa. Tipa moja ikimwagwa juu yake, imezibwa. Mti haufi siku hiyo, na ndiyo maana watu hawaoni uhusiano: majani yanageuka manjano, yanapukutika taratibu, baada ya miezi umesimama mkavu, na mkata kuni anasema kaukuta umeshakufa. Kaa na kamba wachanga waliojificha humo nao wamekosa makazi.

Hilo la kutokuwa na sumu pia si kweli. Mvua ikipita kwenye zege na saruji hutoka na chokaa. Jipsamu ya dari ikifukiwa kwenye tope hutoa gesi inayonuka yai viza. Rangi za zamani nyingi zina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Na kama paa lako ni la asbesto, zile bati za kijivu za zamani, vijana wasiziguse kwa nyundo kabisa. Vumbi lake huleta saratani ya mapafu.

Halafu bonde likijazwa, maji yanahamia majumbani. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 Dar. Mvua ilikuwa kubwa mno, lakini bonde lililobanwa halina pa kuyapeleka maji. Sheria ya Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inalinda mita 60 kutoka bahari na mito.

Nondo na tofali nzima zina wanunuzi. Zege lililovunjwa linafaa kujazia chini ya jamvi la zege la sakafu. Tangaza mtaani, wanaojenga watakuja na kenta zao. Kinachobaki, manispaa wakuelekeze pa kumwaga, na dereva mpe salio baada ya mtu wako kupanda naye akaona kimeshushwa wapi.