Ringi za darubini (vile vishikio vyake) kwa bunduki ya CZ 550 ya risasi za .375
Mkuu uliyeuliza kwa nini ringi hazikai, hizo ulizonunua ni za inchi moja, yaani milimita 25.4, na mrija wa darubini yako ni milimita 30, haiingii hata ulazimishe, karudishe tu. Halafu CZ 550 haitaki reli ya kawaida, mgongo wake wenyewe una mkato wa kushikia ringi, upana milimita 19, sema hivyo hivyo dukani wasikupe za milimita 11 zile za bunduki ndogo za .22. Kimo chukua za chini kadri inavyowezekana, sarafu ya mia mbili ikipita kati ya mtutu na lenzi ya mbele inatosha, ila pandisha mkono wa bolti, ule wa kukokia bunduki, uone haugongi darubini. Kwenye kufunga toa risasi zote kwanza, futa mafuta kwenye skrubu, lenga kama kawaida huku unasogeza darubini mpaka picha ijae, jicho likae mbali sentimita 9 hivi isipungue maana .375 ina teke, mi kovu la nyusi ninalo hadi leo. Kaza kwa zamu kidogo kidogo msalaba wa ndani ya darubini ukiwa wima, nguvu ya kukaza nyutoni mita 2 basi, ukizidisha unabonyeza mrija.