Maua ya Kitulo: twende lini, na naweza kuchimba mche?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi na mume wangu tunaishi Dar es Salaam. Mwakani tunakwenda ukweni Makete kwa gari, na tungependa kupitia Hifadhi ya Kitulo tuone maua. Mwezi gani unafaa? Na je, naweza kuchimba mche mmoja tu wa okidi nikauoteshe nyumbani? (Msomaji, Tabata)

JIBU: Marahaba binti yangu. Pangeni safari mwishoni mwa Januari au Februari. Kule mvua inanyesha kuanzia Novemba hadi Aprili, na maua hupokezana muda wote huo. Mkienda Julai mtakuta nyasi kavu na baridi kali.

Mkifika Chimala, acheni lami mpande mlima tunaouita Hamsini na Saba, kwa idadi ya kona zake. Barabara ni ya udongo na inateleza, hivyo gari dogo liacheni. Kiingilio lipieni Matamba.

Huko juu, kwenye mita kama 2,600 hivi, nchi inatandaa nyasi tupu mpaka upeo wa macho. Yapo maua marefu mekundu yanayoishia njano, hayo utayaona hata ukiwa umekaa kwenye kiti. Lakini inaniuma kuona wageni wakipiga picha dirishani kisha wakaondoka! Okidi nyingi ni fupi, zimejificha katikati ya nyasi. Shukeni, tembeeni taratibu, piga goti. Kuna aina 45 za okidi za ardhini, miongoni mwa aina 350 hivi za mimea. Wenyeji tunapaita Bustani ya Mungu, na mimi niliyekulia huko sijapata jina lingine linalopatosha.

Kuhusu mche, hapana, hata mmoja. Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005, iliyotengwa hasa kwa ajili ya maua, na kuchimba ni kosa. Lakini hata bila sheria ningekukataza. Okidi nyingi za Kitulo zina viazi viwili chini: cha zamani kinalisha ua la mwaka huu, kipya kinatunza ua la mwaka ujao. Ukikichimba, umeua mmea wote. Mbegu zake nazo ni laini kama vumbi, hazina chakula ndani, zinaota zikikutana na kuvu fulani walioko kwenye udongo. Tabata huwapati kuvu hao, wala baridi ile. Tayari viazi hivyo vimechimbwa kwa magunia na kupelekwa Zambia, ambako vinatwangwa na kupikwa na karanga kuwa chakula kiitwacho chikanda. Nimeona mabonde yaliyokuwa na maua yakabaki mashimo. Ukitaka okidi ya nyumbani, nunua kwa wauza miche hapo Dar, zile zinazostahimili joto.

Bebeni masweta mazito na mabuti. Fikeni asubuhi, maana mchana ukungu ukishashuka hamtaona hata ua lililo mbele ya miguu yenu.