Spritz: agiza, ila itazame chupa kwanza

Ndugu yangu, umeuliza kama spritz, kile kinywaji cha Kiitaliano chenye divai na barafu, inastahili bei yake au ni maji ya rangi tu. Mimi naipenda kwa dhati, na jibu langu ni: agiza, hasa kabla ya chakula, lakini hakikisha prosecco, divai nyeupe ya Italia yenye gesi, imefunguliwa muda huo huo. Hapo ndipo glasi nyingi huharibika. Kipimo kinachojulikana ni prosecco sehemu 3, Aperol (pombe ya rangi ya chungwa, tamu yenye uchungu kidogo) 2, soda 1. Prosecco ikiishiwa gesi, unabaki na utamu mzito wa machungwa usio na uhai. Barafu nayo ijae glasi. Wengi hudhani barafu nyingi ni kupunjwa, kumbe vipande viwili vitatu huyeyuka upesi na kukizimua kinywaji chote.

Aperol, iliyozinduliwa Padova, Italia, mwaka 1919, ina kilevi cha asilimia 11 tu, kwa hiyo ukitafuta kinywaji kikali, hiki si chako. Utamu ukikukera, omba itengenezwe kwa Campari, pombe nyekundu ya Kiitaliano, badala ya Aperol: ni chungu na kali zaidi, na mimi ndiyo niipendayo. Ukiona wanaimimina kutoka jagi iliyochanganywa mapema, chukua kinywaji kingine.