Unaposubiri majibu ya CT scan au MRI ya sikio

Majibu yakichelewa, wengi hujiambia kwamba daktari ameona kitu kibaya na anatafuta namna ya kusema. Hospitalini mambo huenda kinyume. Picha yenye jambo la haraka ndiyo inayokimbizwa: daktari wa mionzi akiona usaha umetoboa mfupa kuelekea kwenye ubongo, hupiga simu siku hiyo hiyo. Ripoti inayolala mezani mara nyingi ni ile isiyo na dharura. Hata hivyo ukimya usiuchukue kama jibu zuri, kwa sababu ripoti nazo hupotea.

Fuata njia inayopitiwa na majibu yenyewe. Anayekulaza kwenye mashine ni mteknolojia wa mionzi. Yeye hupiga picha tu, hana ruhusa ya kukusomea, kwa hiyo usijisumbue kuutafsiri uso wake. Picha humfikia bingwa wa mionzi, ambaye huenda hata hayupo katika hospitali hiyo; vituo vingi hutuma picha kwa mtandao zikasomwe mji mwingine. CT ya mfupa wa sikio hukatwa vipande vya unene wa nusu milimita hadi milimita moja, na bingwa huvipitia sikio la kulia na la kushoto, akilinganisha na picha za zamani kama zipo. Kisha ripoti isainiwe, ifike kwenye faili. Hapa mwishoni ndipo panapokwama zaidi: ripoti imetoka Alhamisi, daktari wako wa masikio, pua na koo ana kliniki Jumatatu, na Jumatatu hiyo ni sikukuu.

Kwa hiyo kabla hujatoka chumba cha mionzi, uliza ripoti itatoka siku gani na itapelekwa wapi. Chukua namba ya kipimo, maana majina hufanana lakini namba haifanani. Hakikisha namba ya simu iliyo kwenye fomu ni yako na inapatikana. Omba CD ya picha zenyewe, si karatasi ya ripoti peke yake, kwa sababu daktari wa upasuaji wa sikio hutaka kuziona kwa macho yake. Siku waliyokuahidi ikipita, piga simu kesho yake asubuhi ukiwa na namba hiyo mkononi. Huo si usumbufu, na anayepokea simu amezoea.

Hofu nyingine hutokana na kutojua kinachotafutwa. Sikio linalotoa usaha wenye harufu kwa miezi au miaka kwa kawaida hupelekwa CT scan, na kinachowindwa ni kolesteatoma. Hii ni ngozi iliyoota mahali pasipo pake, nyuma ya kiwambo cha sikio. Si saratani, lakini hula mifupa midogo ya kusikia, hasa fuawe, na ikiachwa hufika kwenye neva ya uso au kwenye sehemu ya sikio la ndani inayoshika mizani ya mwili. CT huonyesha vizuri sana mfupa uliolika. Udhaifu wake ni kwamba majimaji, makovu na kolesteatoma vyote hutokea kama kivuli cha kijivu kilekile. Ndiyo maana unaweza kuitwa tena kwa MRI ya aina maalumu inayotofautisha ngozi na majimaji, na ambayo huona kolesteatoma ya kuanzia milimita 3 hivi. Kuitwa kwa kipimo cha pili kunamaanisha cha kwanza hakikutosha. Basi.

Sikio moja likipungua kusikia kuliko lingine, au likavuma upande mmoja tu bila sababu inayoonekana, kipimo ni MRI. Hapa hutafutwa uvimbe kwenye neva ya kusikia na mizani, unaoitwa akustiki nyuroma. Katika watu 100 wanaopigwa MRI kwa sababu hiyo, wanaokutwa nao kwa kawaida hawafiki 5. Na hao wachache, uvimbe wao si saratani. Hukua taratibu, kwa wastani milimita moja au mbili kwa mwaka, na kwa wengi hauongezeki kabisa kwa miaka. Uvimbe ukiwa mdogo, mara nyingi hatua ya kwanza ni kurudia MRI baada ya miezi 6 hadi 12 kuona kama umekua. Wanaoambiwa hivyo hudhani wametelekezwa, kumbe huo ndio mpango wa matibabu wenyewe.

Ripoti ikikufikia kabla ya miadi, utaisoma tu, hakuna wa kukuzuia. Imeandikwa kwa Kiingereza na kwa ajili ya daktari mwenzake, kwa hiyo nenda moja kwa moja kwenye aya ya mwisho, yenye kichwa “Impression”. Huko juu kila kiungo hutajwa, hata kizima. “Unremarkable” hutisha wasioijua. Maana yake hakuna cha kusema, pako sawa. Majimaji kidogo kwenye mfupa wa nyuma ya sikio huonekana kwa watu wengi waliotoka tu kwenye mafua. Kijifuko kwenye uwazi wa shavu ni cha kawaida sana. Mshipa mdogo wa damu unaopinda karibu na neva ya kusikia huonekana pia kwa watu wasio na shida yoyote, hivyo usikimbilie kusema ndio unaovumisha sikio lako.

Yapo mambo yasiyosubiri ripoti, na hapa hatutaki upole. Uso ukipinda au jicho likishindwa kufunga upande wa sikio linaloumwa, nenda hospitali siku hiyo. Vivyo hivyo uvimbe nyuma ya sikio unaolisukuma sikio mbele, homa pamoja na kichwa kikali na shingo kukakamaa, kutapika na kizunguzungu kisichokuruhusu kusimama, au kuchanganyikiwa. La mwisho ndilo linalopuuzwa zaidi kwa kuwa haliumi: kusikia kukipotea ghafla, ndani ya siku moja hadi tatu. Hiyo hutibiwa kwa dawa za steroidi, na nafasi nzuri ni wiki mbili za mwanzo. Ukiambiwa usubiri MRI kwanza ndipo uanze dawa, uliza moja kwa moja kwa nini, kwa sababu MRI inaweza kufuata baadaye ila wiki hizo hazirudi.

Nyumbani, liache sikio likavu. Unapooga, chovya pamba kwenye mafuta ya mgando, iweke mlangoni mwa sikio bila kuisukuma ndani, kisha itoe ukimaliza. Vijiti vya pamba, funguo, mafuta ya moto, maji ya kitunguu saumu, yote hapana. Jihadhari pia na dawa ya matone ya kujinunulia dukani: yenye antibiotiki iitwayo gentamisini, kiwambo kikiwa kimetoboka, inaweza kuingia ndani na kuua usikivu uliobaki. Kama umeandikiwa steroidi, usizikatishe katikati eti unasubiri majibu.

Usiku ndio mgumu. Mlio wa sikio huwa mkubwa zaidi kwenye ukimya, na hofu huukuza, kisha mlio nao hukuza hofu. Usijilazimishe kulala kwenye chumba kimya kabisa. Washa feni, au redio kwa sauti ya chini kidogo kuliko mlio wenyewe. Lengo ni kuuchanganya, si kuuzima. Vuta pumzi ukihesabu 4, toa ukihesabu 6, kwa dakika tano. Kusaka dalili kwenye simu saa saba usiku hakujawahi kumpa mtu usingizi, hivyo iache simu chumba kingine. Ukishindwa kulala zaidi ya wiki moja, mwambie daktari. Nalo ni tatizo la kutibiwa.

Siku ya majibu nenda na mtu anayesikia vizuri, hasa kama wewe husikii upande mmoja, na umkalishe daktari upande wa sikio zima. Beba CD, odiogramu (karatasi za vipimo vya usikivu) zote ulizowahi kupima, na orodha ya dawa. Uliza kimeonekana nini, kinaeleza dalili zako au la, na lini mnarudia kupima. Kama upasuaji umetajwa, uliza kusikia kutakuwaje baada yake, na daktari amefanya upasuaji wa aina hiyo mara ngapi. Swali hilo la mwisho watu huona haya kuliuliza, lakini daktari mzuri hulijibu bila kununa.

Na picha ikiwa safi? Mara nyingi itakuwa safi, na sikio bado litavuma. MRI haioni vinyweleo vidogo vya sikio la ndani, ambavyo ndivyo huharibiwa na kelele, umri na baadhi ya dawa. Picha safi imeondoa shaka ya uvimbe tu. Kwa hiyo usitoke kliniki ukiwa na karatasi hiyo peke yake: omba tarehe ya kupimwa usikivu tena, na ukisha kupimwa uliza kama kifaa cha kusaidia kusikia kitakufaa, kwa sababu kwa wengi wenye usikivu uliopungua kifaa hicho hupunguza na mlio pia.