Cheti cha kuzaliwa na mkopo wa HESLB

Je, nakala ya cheti cha kuzaliwa peke yake inatosha kuombea mkopo wa HESLB, yaani Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu? Hapana, haitoshi. Lazima kwanza kihakikiwe RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo (Zanzibar ni ZCSRA, wakala wa huko), upewe namba ya uhakiki, ndiyo unayoijaza kwenye OLAMS, mfumo wa Bodi wa kuombea mkopo mtandaoni. Mwongozo wa Bodi unasema hivyo. Yatima ahakiki pia cheti cha kifo cha mzazi. Anza mapema, maana uhakiki huchukua siku na dirisha halikungoji.

Tena tumia namba ileile ya mtihani wa kidato cha nne uliyoombea chuo. Wengi hukwama kwenye kurasa za sahihi: fomu inachapishwa, inagongwa muhuri wa serikali ya mtaa na wa hakimu au wakili, kisha unaiskani na kuipakia upya. Muhuri ukififia, rudia kabla hujatuma.